Sindano za Umeme na Kikombe cha Bati

Kijiwe cha Abuu, pale Mkonze, hakina kibao, lakini ukipanda bodaboda ukasema unakwenda kwenye kahawa, dereva haulizi mara mbili. Ni mabenchi mawili ya mbao yanayotazamana, jiko la mkaa, birika, sahani ya kashata za karanga za Kongwa, na pembeni kidogo, chini ya mwavuli uliochanika, meza ya fundi viatu. Asubuhi za Julai upepo wa Dodoma huleta vumbi na baridi kwa mkupuo mmoja, watu wakajikunyata ndani ya makoti, vikombe wamevishika kwa mikono miwili. Vikombe vyenyewe ni vile vidogo vya kauri visivyo na mkono. Vyote hukaa ndani ya ndoo moja ya maji. Ukimaliza chako unakirudisha humo, kinasuuzwa, anapewa mwenzako. Kimoja tu hakiingii ndooni. Hicho ni cha bati, kimetundikwa kwenye msumari wa nguzo ya banda, na kila mtu wa kijiweni anajua ni cha nani, wala hakuna anayekitaja.

Ni cha Paskali, huyo fundi viatu. Zamani walimwita Soli, jina alilopewa kwa utani na likamkaa kuliko la ubatizo. Kisha ikaja siku ile ya mvua za mwaka jana alipoanguka palepale kwenye benchi, katikati ya ubishi wa mpira. Yeye hakumbuki kuanguka. Anachokumbuka ni kuamka: shavu mchangani, ulimi umejeruhiwa, kahawa imemmwagikia kifuani, na rafiki zake wote wamesimama ng'ambo ya barabara wakimtazama. Walikuwa wameambiwa tangu utotoni kwamba povu la mwenye kifafa likikugusa, limekupata na wewe. Kikombe alichokuwa amekishika Paskali, Abuu alikitupa shimoni, na kesho yake kikaonekana cha bati. Jina la Soli nalo likafa siku hiyo hiyo. Sasa wanamwita ndugu Paskali, kwa sauti ya msibani. Kuliko heshima ya namna hiyo, afadhali matusi.

Tangu Pasaka Paskali hajaanguka. Anakunywa vidonge asubuhi na jioni, na vidonge vinafanya kazi yake kimyakimya. Hapo ndipo penye tatizo, kwa sababu nani humpigia mtu makofi kwa kutoanguka? Kijiwe hakikuona kitu, na kikombe kikabaki msumarini. Asubuhi hii mkewe, Ester, alimwekea kidonge kando ya uji kama kawaida. Paskali alikunywa uji, kidonge akakitia mfuko wa shati, na mpaka saa hii kilikuwa humo, kimeviringishwa kwenye karatasi, hakijamezwa. Alikuwa anangoja kijiwe kiamue kuhusu tiba yake.

Aliyefungua kikao alikuwa Augustino, maarufu kwa jina la Mwongozo. Miaka mingi alikuwa mhudumu bungeni, kazi yake kubeba mafaili na maji ya waheshimiwa, akastaafu na kanuni zote kichwani. Hata kashata hachukui bila kuomba mwongozo.

— Waheshimiwa, jana tuliahirisha. Hoja iliyo mezani ni sindano za umeme. Ndugu Paskali, rudia maelezo yako taratibu, tusije tukapitisha jambo hatulijui.

Paskali alikuwa anashona kisigino cha buti la mgambo. Hakuinua uso.

— Ni sindano nyembamba, nyembamba kuliko hii yangu. Daktari Violeth wa pale kliniki amesomea China. Anazichomeka mkononi, mguuni, nyingine kichwani. Halafu anabana vibanio vidogo vyenye waya, waya zinaingia kwenye kiboksi. Anawasha. Nilimwona kwa macho yangu mzee mmoja wa kiharusi, vidole vyake vinachezacheza vyenyewe.

— Na wewe ukamuuliza?

— Nikamuuliza, na mimi wa kuanguka je? Akasema wapo walioijaribu huko. Wamewafanyia panya wenye kifafa, panya wakatulia.

— Panya! alisema Mzee Bartolomayo.

Huyu wanamwita Babu Zabibu, kwa sababu ana shamba la mizabibu upande wa makaburini na huja kijiweni na mkasi wa kupogolea kiunoni, asije akaibiwa. Ni mtu wa maneno machache, ila akishalisema neno halirudi.

— Panya na Paskali wapi na wapi? Na hizo sindano zina dawa gani ndani?

— Hazina dawa, Babu.

— Sindano isiyo na dawa ni mwiba.

— Babu, dawa ni umeme wenyewe!

Sauti hiyo ilikuwa ya Masudi, fundi umeme, ambaye jina lake la kijiweni ni Fezi. Alikuwa na bisibisi mfukoni na nyaya shingoni, na alikuwa amelisubiri jambo hili usiku kucha, maana ni mara chache kijiwe kinazungumza jambo la fani yake.

— Sikilizeni niwape darasa la bure. Kichwa cha mtu ni nyumba iliyopigwa waya. Kifafa ni nini? Ni shoti! Waya mbili zimegusana, mashine inatetemeka, inajizima. Sasa huyo daktari anafanya nini? Anakuwekea ethi. Umeme wa ziada unashuka, unaishia ardhini, mtu unatulia tuli. Mbona sindano nyingine anachoma mguuni? Dalili ya mvua ni mawingu!

— Hiyo methali imeingiaje hapo? aliuliza Abuu, akipuliza mkaa.

— Imeingia kwa mlango. Wewe mimina kahawa.

— Mimi naiunga mkono, alisema Mwongozo. Kitu cha Wachina hicho, kitu cha kutoka nje. Ndiyo maana wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Maana yake, dawa ikitoka mbali ndiyo inaponya.

— Mimi nilidhani ni habari ya kuchinja kuku. Mgeni kaja, na mwenye nyumba anapata paja.

— Hiyo ni tafsiri ya mtaani, Abuu. Mimi nakupa ya kitaifa.

Walicheka kidogo. Paskali hakucheka. Aliwasikiliza kama mgonjwa anavyosikiliza madaktari wakinong'ona miguuni pa kitanda, akijaribu kukisia hukumu. Alijua kabisa kwamba hakuna hata mmoja wao anayejua lolote. Lakini hawa ndio walioshusha jina lake na kupandisha kikombe chake, na kama kuna watu wa kurudisha vitu hivyo, ni hawa hawa.

Abuu alichukua kikombe cha bati kwenye msumari kwa vidole viwili, akamimina, akakiweka kwenye kona ya meza ya viatu. Hakukitia mkononi mwa Paskali. Siku zote anakiweka.

— Fezi, alisema Abuu akirudi jikoni, kama ni shoti, kwa nini asipigwe umeme wa nyumbani tu?

— Utamuua! Huo ni mkali. Unataka umeme mdogo wenye adabu. Na mimi ningekuwa huyo daktari, ningemfungia stebilaiza. Kiboksi kidogo tu hapa kisogoni, na kipaneli cha sola kwenye kofia. Jua la Dodoma lote hili linapotea bure! Anashinda hapa anashona viatu, huku anajichaji.

— Na usiku?

— Usiku atatumia betri. Jamani, treni nzima inavutwa kwa umeme kutoka hapa mpaka Dar es Salaam na abiria wake, sembuse kichwa cha mtu mmoja?

— Taarifa, Mheshimiwa! Mwongozo alinyoosha kidole. Treni ina reli.

— Na ndipo ninapokuja! Fezi alisimama. Kaka Paskali, samahani, naomba nikuambie kitu usikasirike. Tatizo lako ni kazi yako. Unashinda na soli za mpira, magoti yamejaa mpira, miguuni umevaa kandambili za tairi. Umeme wa mwili wako utatokea wapi? Umejifungia mwenyewe! Tembea peku hata mwezi, halafu nenda na hizo sindano. Utanishukuru.

— Mbona wewe unavaa buti la mpira na huanguki? aliuliza Paskali.

— Mimi nimezoea.

Hapo tena palikuwa na kicheko, na Paskali naye alitabasamu, kwa sababu lilikuwa jibu la kijinga kama yale ya zamani, enzi za Soli. Kwa dakika ile alisahau kidonge mfukoni. Ila Mzee Bartolomayo hakutabasamu. Alikuwa ameushika mkasi wake, anaufungua na kuufunga.

— Mwenye degedege hachomwi sindano, alisema.

— Babu, hali hii si degedege, alisema Fezi.

— Kifafa ni degedege lililokua. Nisikilizeni, mimi sipigi porojo. Dada yangu alikuwa na mtoto, Emiliana. Mtoto wa kutembea, anakuamkia mbukwa mlangoni kabla hujavua kofia. Akashikwa na degedege, macho juu, mikono imekakamaa. Bibi yetu akasema, asichomwe. Sisi vijana tukasema hayo mambo ya kizamani. Nikampakia kwenye baiskeli mpaka zahanati. Nesi akamchoma. Sindano bado iko mkononi mwake, mtoto akanyamaza.

Upepo ulipuliza majivu ya jiko.

— Nilirudi naye kwenye baiskeli ile ile, alisema Mzee Bartolomayo. Kwa hiyo usiniambie habari ya sindano na mtu anayetetemeka. Sindano isiyo na dawa, tena ina umeme? Hapana.

Paskali alitaka kumwambia kwamba huenda malaria ilikuwa imeshammaliza yule mtoto kabla hata ya kufika mlangoni, kwamba nesi alichelewa kwa sababu wao walichelewa. Daktari Violeth alishamweleza hayo, kwamba ndivyo watoto wengi walivyopotea, watu wakailaumu sindano ya mwisho waliyoiona. Lakini mtu aliyerudi nyumbani na maiti ya mtoto kwenye baiskeli humsahihishi kwenye kahawa. Alivuta uzi.

— Pole, Babu, alisema Mwongozo, na mara hii moja alisema kama mtu wa kawaida. Kisha akakohoa, akarudi bungeni. Hata hivyo, waheshimiwa, mimi ninaona tatizo jingine ambalo hamjaliona. Tuseme ndugu Paskali amekwenda kliniki Alhamisi, siku aliyopangiwa, amechomwa, amewashiwa. Tuseme hajaanguka. Tutajuaje kwamba ni sindano?

— Si hajaanguka?

— Lakini anakunywa na vidonge! Sasa kilichomponya kitakuwa kipi? Watu wawili wakichimba kisima kimoja, maji utamshukuru nani? Lazima tutenganishe. Nashauri aache vidonge.

— Hilo nilitaka kusema mimi, alisema Fezi. Vidonge ni kemikali. Kemikali na umeme havichanganywi, utalipuka. Betri ya gari unaijua? Aache. Tena aache leo, mwili usafishike kabla ya Alhamisi. Haraka haraka haina baraka!

— Na mimi nakubali aache, alisema Mzee Bartolomayo. Sindano nakataa, lakini vidonge vya kila siku vinakausha damu. Nyuso za wanaokunywa vidonge si unaziona.

— Abuu?

— Mimi ni muuza kahawa.

— Una kura.

— Basi aache, kama wote mmesema.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Walikuwa wamebishana juu ya waya, panya, treni na kandambili, kila mtu na lake. Jambo moja tu walikubaliana wote bila kupingana, nalo ndilo lililoweza kumuua.

Paskali alilijua hilo, maana maneno ya Daktari Violeth hakuyaeleza yote. Yalikuwa na nusu ya pili. Baada ya habari ya panya, daktari alikuwa amevua miwani akamtazama vizuri. "Paskali, usinielewe vibaya," alisema. "Panya wengine walitulia, wengine hawakutulia. Kwa binadamu bado hatujapata ushahidi wa kutosha kusema sindano hizi zinazuia kifafa. Ukitaka kujaribu, tutajaribu kwa uangalifu, lakini vidonge vinaendelea. Ukiviacha ghafla unaweza kuanguka mfululizo, usiamke. Umenisikia?" Alimsikia. Na tangu Jumatatu, siku walipoonana, nusu hiyo ameificha kifuani, kwa sababu ingeua hoja.

Maana yeye hakuzitaka sindano kwa ajili ya kifafa. Kifafa vidonge vilikuwa vimekizuia. Alizitaka kwa ajili ya hawa. Kidonge ni kitu kidogo cheupe, mtu anameza, kinapotea, nani atakiamini? Lakini waya! Taa inayowaka! Vidole vinavyocheza vyenyewe! Angeingia mle kliniki na Fezi akiwa mlangoni akishuhudia, na Fezi angekuja kutangaza: jamani, ametengenezwa. Kijiwe kingeamini umeme. Kwa ajili ya jambo hilo moja, mtu mzima mwenye mke na watoto alikuwa tayari kuyahatarisha maisha yake, na aliona haya kulifikiria kwa sauti.

Mwongozo naye, kama aliyemsoma mawazo, aliinua kidevu kuelekeza kwenye ile kona ya meza, kilipo kikombe cha bati.

— Na ninaahidi mbele ya kikao, ndugu Paskali. Ukikaa mpaka mavuno ya zabibu bila vidonge na bila kuanguka, hata kile chombo nacho... tutakitazama upya.

— Tutakishusha, alisema Fezi.

— Tutakitazama upya, Masudi. Usiharakishe Bunge. Wanaoafiki waseme ndiyo.

— Ndiyo.

— Ndiyo, ila si sindano.

— Ndiyo.

Paskali aliweka buti chini. Akanywa kahawa yake akaimaliza, akainuka, akakirudisha kikombe cha bati msumarini yeye mwenyewe, kama alivyozoea. Aliporudi kukaa alitoa ile karatasi mfukoni, akaifungua. Jiko la Abuu lilikuwa hatua mbili tu, makaa yamekolea. Kukitupa kidonge mle kungechukua muda mdogo kuliko kukimeza, na wote wangeona.

— Hodi hapa kwa fundi.

Alikuwa mwanamke wa makamo, amejifunga kanga mbili na sweta la kiume, ndala moja mguuni na nyingine mkononi, mkanda wake umekatika. Wote walimwamkia shikamoo, isipokuwa Mwongozo na Mzee Bartolomayo waliomwambia karibu, mama. Aliitikia marahaba mmoja mmoja bila haraka.

— Mama unatokea wapi? aliuliza Fezi. Wewe si wa hapa.

— Chemba, ndani huko. Binti yangu amejifungua, anakaa nyumba ile ya geti la bluu. Mimi Mama Joha. Nimekuja kupika uji, ndala imekatika njiani.

Kiswahili chake alikuwa amejifunza ukubwani, akikitoa neno moja moja. Alipoigeuza ile ndala kuionyesha, alisema maneno mawili ya kwao, yale ya kugonga ulimi, akajicheka. Paskali alikunja karatasi, akaifumbata pamoja na kidonge, akapokea ndala kwa mkono mwingine.

— Itachukua kidogo, mama. Kaa.

— Nitakaa. Na kahawa naomba. Baridi yenu hii!

Abuu alikuwa ameinamia jiko, akiongeza mkaa. Vikombe vya kauri vilikuwa ndooni, majini. Mama Joha alitazama ndoo, akatazama nguzo, akaona kikombe kikavu kimetundikwa vizuri. Akakishusha. Akakinyoosha. Na mkono wa Abuu, ambao umemiminia watu miaka yote bila kumuuliza mwenyewe, ukainua birika ukamimina. Macho yake yalifika baadaye. Mama Joha alikuwa amekwisha kunywa mafunda mawili.

— Mama! Mama, mama, mama! Hicho weka chini!

Alikitoa mdomoni, akakiangalia ndani.

— Kichafu?

— Hapana, si kichafu.

Alikiinua juu, akachungulia kitako chake.

— Hakivuji.

— Mama yetu, samahani sana, alisema Mwongozo, akasimama na kufunga kifungo cha koti. Hicho si cha wageni.

— Cha nani basi?

Fezi alizitazama nyaya za nguzo ya umeme kama ambaye hajawahi kuziona. Abuu alilishika birika kwa mikono miwili. Kama wangekuwa wamemtaja, Paskali angeinama akaendelea kushona, ndivyo alivyofanya siku zote. Lakini walinyamaza wote, na kile kimya kilimuuma kuliko kutajwa.

— Changu, mama, alisema.

— Aa! Nimekunywa chako, baba. Samahani. Kwani vya wenzako huvipendi?

— Navipenda.

— Sasa?

— Nina kifafa, mama.

Neno hilo hakuwahi kulitamka juu yake mwenyewe pale kijiweni. Wao kila walipomtaja walilizunguka, wakasema ile hali, yale mambo, kule kuanguka. Yeye pia alilizunguka. Sasa lilikuwa limetoka, na hakuna kilichotokea, upepo uliendelea tu na kazi yake.

— Pole, baba, alisema Mama Joha.

— Ahsante.

Alingoja. Alingoja kama mtu aliyesimuliwa nusu, anayesubiri iliyobaki. Alipoona haiji, aliuliza.

— Na kikombe?

— Kikombe kimefanya nini, mama? alisema Fezi.

— Ndiyo nauliza. Mtu anaumwa, nimesikia. Mtu anaanguka, nimeelewa. Na kikombe nacho kinaanguka?

Hakusema kwa kejeli. Alidhani kweli kuna jambo ambalo Kiswahili chake hakijafika, na alimgeukia kila mmoja kwa zamu, amsaidie. Alimtazama Mwongozo, na Mwongozo, mwenye kanuni za Bunge zima kichwani, alikifungua tena kile kifungo cha koti. Alimtazama Fezi. Fezi alikuwa na nadharia ya shoti, ya ethi na ya sola, lakini hakuna hata waya mmoja uliofika kwenye kikombe. Alimtazama Mzee Bartolomayo, na mzee akautazama mkasi wake.

— Ni utaratibu tu, mama, alisema Abuu mwishowe.

— Wa nani?

Abuu hakujua. Alikuwa amekinunua yeye, lakini nani aliyemtuma? Alijaribu kukumbuka nani hasa alisema, na hakumkumbuka hata mmoja.

Kahawa ilikuwa bado ya moto. Mama Joha aliinywa yote, akakung'uta machicha, akafanya alichowaona wengine wakifanya: akakidumbukiza kikombe ndooni pamoja na vingine. Kililia kilipogonga kauri, kikazama. Wote walisikia.

Paskali alisimama. Alikwenda kwenye ndoo, akaingiza mkono, akatoa kikombe cha kauri, cha kwanza kilichomgusa. Alijua wanamtazama, na alijua wanachofikiri. Alikinyoosha.

— Abuu, nimiminie.

Abuu alimwangalia Mwongozo. Mwongozo hakuwa na mwongozo. Birika lilikaa hewani muda mrefu kuliko kawaida, kisha likainama, na kahawa ikatoka nyembamba, na machicha, maana ilikuwa ndiyo ya mwisho.

— Daktari alisema na neno jingine, sikuwaambia, alisema Paskali. Alisema sindano bado hazina ushahidi. Alisema nikiacha vidonge naweza nisiamke. Alhamisi nikitaka nitakwenda, nisipotaka sitakwenda. Lakini hiki siachi.

Akafumbua kiganja, akakitia kidonge mdomoni, akakisukuma kwa kahawa. Ilikuwa chungu na mchanga mchanga, na hakuna kahawa aliyowahi kuisikia tamu namna ile.

— Sasa tutajuaje kilichokuponya? aliuliza Mwongozo, kwa sauti ndogo.

— Hamtajua, Mwongozo.

Fezi aliinuka, akasema kuna nyumba inamsubiri, luku yao inasumbua. Kikombe chake alikiacha kwenye benchi kikiwa na nusu. Hakukirudisha ndooni, akaondoka bila kuaga. Paskali alimsindikiza kwa macho. Ilimuuma, hakujidanganya kwamba haikumuuma. Abuu aliinamia ndoo, akazamisha mkono, akasita juu ya kile cha bati, kisha akakiacha humo humo akaanza kusuuza.

— Mgeni njoo, alisema Mzee Bartolomayo polepole, kama anayejisemea.

Methali ile kila mtu huimalizia, hata watoto. Hapo hakuna aliyeimalizia. Mzee aliuchomeka mkasi kiunoni, akajikohoza.

— Soli, alisema. Mama amekaa mguu mmoja peku kwenye baridi. Hebu shona.

Paskali alisikia jina lake, akainama haraka wasimwone uso. Alichukua sindano, akaanza kutafuta tundu la kupitishia uzi.